Minada Miwili: Gari la Mwana wa Mfalme na Bakuli la Ansari

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na kila mwenye kushika mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, katika toleo hili tunazungumza juu ya bidhaa ambayo yumkini hakuna hata mmoja katika safu zetu za swala atakayeimiliki: gari la kale la fahari, lililoundwa bodi kwa mkono kwa ajili ya bwana mmoja tu, likakarabatiwa hata likang'aa kuliko siku lilipotoka kwa mafundi, kisha likasimamishwa mnadani. Atauliza muulizaji: Yana nini hayo na sisi, ambao wengi wetu huja Ijumaa kwa miguu na kwa daladala? Tunamwomba avute subira. Gari hilo linatugusa kwa mambo mawili. La kwanza ni jicho tunalolitazamia. La pili ni haki ya masikini iliyojificha ndani yake, na haki ya namna hiyo hiyo imejificha majumbani mwetu.

BIDHAA YENYEWE

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vingi vya magari ya fahari huko Ulaya na Marekani havikulazimika kuuza gari kamili. Viliuza chesisi, injini na magurudumu. Mnunuzi akavipeleka kwa mafundi wengine kabisa, waunda bodi, akaagiza umbo, rangi, ngozi na mbao azitakazo. Ni kazi ya jinsi moja na ile inayofanywa katika gereji zetu, chesisi ya lori inapogeuzwa kuwa basi. Tofauti ni kwamba basi huundwa ili libebe watu 60, na gari lile liliundwa ili mtu mmoja aonekane. Kwa kuwa kila tajiri aliagiza lake, mengi ya magari hayo hayana pacha. Yaliyookoka vita, kutu na wanunuzi wa vyuma chakavu ni machache, na uchache huo ndio unaopandisha bei.

Gari la namna hiyo likipatikana limeoza, hufunguliwa hadi msumari wa mwisho. Mbao za fremu huchongwa upya, bati la alumini hunyooshwa kwa nyundo, ngozi hushonwa, kromu hupakwa tena. Kazi hiyo hula maelfu ya saa. Likisha hupelekwa kwenye maonyesho, kama yale ya Pebble Beach, California, yaliyoanza mwaka 1950, na mwisho huishia mikononi mwa dalali. Machi 2022, katika mnada wa Amelia Island, Florida, gari aina ya Talbot-Lago la mwaka 1937, lenye bodi ya umbo la tone la maji iliyoundwa na Figoni na Falaschi wa Paris, liliuzwa kwa dola za Marekani 13,425,000.

Hatuilaumu mikono ya mafundi. Uislamu umeutukuza ufundi. Qur'ani inatueleza katika Suratu Saba kwamba Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma akatengeneza deraya kwa vipimo, na katika Sahih Bukhari tumefundishwa kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mkono wake. Wala hatusemi kwamba kutengeneza kilichochakaa ni kosa. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia kiraka nguo zake mwenyewe. Asiyetupa kitu kwa sababu kimezeeka ana adabu ya neema. Neno letu haliko kwa fundi. Liko kwa anayenunua, na kwa sisi tunaomtazama anayenunua.

GARI LA MWANA WA MFALME

Hebu tulitazame moja kati ya magari hayo, kwa kuwa habari yake imepita katika nyumba za watawala Waislamu.

Machi 1939, mjini Cairo, Mohammad Reza Pahlavi, mwana wa mfalme wa Iran, alifunga ndoa na Fawzia, dada yake Mfalme Farouk wa Misri. Serikali ya Ufaransa ilimzawadia bwana arusi gari aina ya Bugatti. Chini lilikuwa na injini ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 3.3. Juu lilikuwa na bodi iliyoundwa na Vanvooren wa Paris, yenye matao yaliyofunika magurudumu yote manne, na kioo cha mbele kilichoweza kuteremshwa kikazama ndani ya bodi kwa kuzungusha mpini. Waliolitazama walisema halijaonekana mfano wake.

Sasa tufuatane na zawadi hiyo tuone ilikofikia. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza na Urusi ya Kisovieti yaliingia Iran, mfalme mzee akauzuliwa, na kijana wake akakaa katika kiti. Desemba 1942 watu wa Tehran waliingia barabarani kwa ghasia kwa kukosa mkate, na gari likiwa katika banda la mfalme. Hatusemi kwamba gari ndilo lililokula mkate wao. Tunasema kwamba viwili hivyo vilikaa katika mji mmoja. Ndoa yenyewe ilivunjika rasmi mwaka 1948. Mwaka 1959 gari lilitolewa katika banda la kifalme likauzwa, na bei inayotajwa ni dola zipatazo 275. Baadaye likavushwa bahari, likakarabatiwa kwa gharama ambayo haifanani kabisa na bei hiyo, na hatimaye likaingia katika Jumba la Makumbusho ya Magari la Petersen, mjini Los Angeles, ambako watu hulipa kiingilio ili walione.

Na wenyewe je? Shemeji yake, Farouk, aliyejulikana mjini Cairo kwa magari yake mekundu, alipinduliwa Julai 1952. Mwaka 1954 serikali ya mapinduzi ilizipiga mnada hazina zake za sarafu, saa na vito, katika kasri lake la Qubba, na wanunuzi wakaja kutoka ng'ambo. Alifariki Roma mwaka 1965, akiwa uhamishoni. Mohammad Reza naye aliondoka Iran Januari 1979 asirudi tena, akafariki Cairo Julai 1980. Leo wote wawili wamelala katika msikiti mmoja, Msikiti wa Al-Rifa'i, Cairo. Wamelala chini, na gari la arusi liko Los Angeles linang'arishwa.

Wenye biashara hii hawaoni katika habari hiyo mawaidha yoyote. Wanaona bei. Katika soko la magari hayo, jina la mwenye gari wa kwanza huandikwa katika karatasi za mnada na kuhesabiwa kuwa sehemu ya thamani. Ikiwa alikuwa mfalme, bei hupanda. Ikiwa mfalme huyo alianguka kwa kishindo, masimulizi hunoga na bei haishuki. Basi tazameni, enyi wenye akili: mtu ananunua mapambo ya aliyeangamia, na maangamizi yake yanatiwa katika hesabu ya bei.

JICHO LA WALIOTAMANI

Qur'ani tukufu, katika Suratul-Qasas kuanzia aya ya 76, imetusimulia habari ya Qaruni. Alipewa hazina ambazo funguo zake peke yake ziliwalemea watu wenye nguvu. Alipoambiwa awafanyie wengine wema kama Allah alivyomfanyia yeye, alijibu kwamba mali ile ameipata kwa ujuzi wake. Kisha akawatokea watu wake katika mapambo yake. Hapo watu waligawanyika makundi mawili. Waliotaka maisha ya dunia walitamani wangepewa kama yeye. Waliopewa elimu waliwakemea na kuwakumbusha malipo ya Mwenyezi Mungu. Ardhi ilipommeza Qaruni pamoja na nyumba yake, wale waliotamani jana waliamka wakijuta kwa kutamani kwao.

Tuzingatie jambo hili: aya hizo hazikuishia kwa Qaruni. Zimewataja na watazamaji. Qaruni ni mmoja katika zama, lakini wanaosimama kando ya njia kumtamani ni maelfu. Na hapa ndipo gari la mnadani linapoingia misikitini mwetu bila ya kuwasha injini. Kijana wetu anayajua majina ya magari ya fahari na bei zake, na ukimwuliza awataje masahaba 10 waliobashiriwa Pepo anakwama kwa wa nne. Bwana arusi anakopa ili akodi gari la kupandwa saa mbili, na mahari aliyoahidi ameibakisha kuwa deni. Mzee anampisha mwenye gari katika safu ya kwanza, na mwadhini aliyekuja kwa miguu hapewi hata salamu. Kama huku si kutamani mapambo ya Qaruni, na tuambiwe ni nini.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

Tunajua yatakayosemwa, nasi hatuyakimbii.

Watasema: Mwenyezi Mungu hakuharamisha mapambo. Ni kweli. Suratul-A'raf, aya ya 32, inamkemea anayeharamisha mapambo ambayo Allah amewatolea waja wake. Suratun-Nahl, aya ya 8, inataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na pia ni pambo, kisha inaashiria kwamba Allah ataumba tusivyovijua. Lakini aya ya 31 ya hiyo hiyo Suratul-A'raf, iliyotangulia kwa hatua moja tu, imeruhusu kula na kunywa na ikakataza kupita kiasi. Anayesoma aya ya pili na kuiruka ya kwanza amejichagulia dini. Na farasi yule aliyetajwa kuwa pambo alikuwa anapandwa. Gari hili halipandwi. Hubebwa juu ya gari jingine ili lisichafuke matairi.

Watasema: Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Ni kweli, imo katika Sahih Muslim. Na katika hadithi hiyo hiyo ameieleza kibri kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Yeye mwenyewe, kama ilivyopokewa kutoka kwa Anas katika Sunan ya Ibn Majah, alikwenda Hijja juu ya tandiko lililochakaa, na kitambaa kisichozidi thamani ya dirham nne, akaomba iwe Hijja isiyo na riyaa wala kutafuta sifa. Aliyekuwa kiongozi wa Bara Arabu nzima alikiogopa kipando chake kisimtie riyaa. Sisi twajiamini kwa lipi?

Watasema: Mali ni yake, ameichuma kwa halali, nanyi imewauma nini? Jibu lake limo katika Suratul-Israa, aya ya 26 na 27, ambako jamaa, masikini na msafiri wamethibitishiwa haki yao, na wabadhirifu wakatajwa kuwa ndugu wa mashetani. Mali ya halali haimhalalishii mwenyewe kila matumizi. Siku ya Kiyama mja ataulizwa maswali mawili juu ya mali: aliichuma wapi, na aliitumia katika nini. Anayejibu la kwanza peke yake hajafaulu mtihani.

PAMBO AU BIASHARA? CHAGUENI MOJA

Inabaki hoja wanayoiona kuwa ngao kuu. Husema: Hili si anasa, ni kitega uchumi. Thamani yake inapanda mwaka hadi mwaka kuliko fedha iliyolala benki. Ninalinunua leo, ninalihifadhi, nitaliuza bei itakapopanda.

Tunasema: Vema. Sasa tumefika penye sheria.

Kitu anachokitumia mtu mwenyewe, nyumba anayokaa au gari analopanda, hakina zaka, ijapokuwa kina thamani kubwa. Lakini kitu kilichonunuliwa kwa niyya ya kuuzwa ni mali ya biashara, nacho kina zaka. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Samura bin Jundub kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwaamrisha kutoa sadaka katika vile walivyoviandaa kwa ajili ya kuuza. Madhehebu yote manne yameshika msimamo huo. Mwaka wa Hijria ukitimia, mali hukadiriwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, na ikiwa imefika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni kiasi cha gramu 85, hutolewa asilimia mbili na nusu. Imam Malik amesema kwamba mfanyabiashara anayeiweka bidhaa akisubiri soko hutoa zaka ya mwaka mmoja siku anapouza, na wengi wa maulamaa wamesema hutoa kila mwaka. Katika hao wote hakuna aliyesema kwamba hatoi kamwe.

Basi lau lile gari la dola 13,425,000 lingekuwa mikononi mwa Muislamu aliyelinunua ili aliuze, mwaka ukitimia na bei ikiwa ile ile, ndani yake mna dola 335,625 zisizo zake. Ni za mafakiri, masikini, wenye madeni na wengineo waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Kila siku anapolifuta vumbi na kulipendezesha, anaipendezesha amana ya watu aliyoizuia.

Kwa hiyo na wachague. Wakisema ni biashara, na watoe zaka. Wakisema ni pambo la kujifurahisha, na wajibu aya za israfu. Lakini kumwambia masikini kwamba ni pambo ili wasitoe zaka, na kumwambia mwanachuoni kwamba ni biashara ili wasilaumiwe kwa israfu, huko ni kucheza na dini ya Mwenyezi Mungu.

HAKI ILIYOMO MAJUMBANI MWETU

Pengine msomaji ameanza kufurahi kwamba tumewapata matajiri wa mbali. Asifurahi mapema. Sisi hatuna Bugatti, lakini tuna viwanja.

Ni wangapi kati yetu walionunua kiwanja pembezoni mwa mji, na huku wanasema tangu siku ya kununua kwamba hiki si cha kujenga, kinangoja barabara ipite kiuzwe? Ni wangapi wana magari matatu au manne yadini yanayongoja wateja, au shehena ya mbao, au vitenge ghalani? Aliyenunua kiwanja kwa shilingi milioni 10 kwa niyya ya kukiuza, na leo soko linakipa milioni 40, hesabu ya zaka yake ni shilingi milioni moja. Haihesabiwi ile bei aliyonunulia, wala haisubiriwi bei anayoiota. Inahesabiwa bei ya leo. Aliyerithi shamba la baba yake, au aliyenunua kiwanja ili ajenge akae na watoto wake, huyo hadaiwi, wala tusimtie mashaka. Lakini mwenye niyya ya biashara anaijua niyya yake, na Mola wake anaijua kabla yake.

Wengi katika sisi tunadhani zaka ni ya fedha iliyo benki na mpunga ulio ghalani, na kwamba ardhi haidaiwi chochote mpaka iuzwe. Kisha Ramadhani inapofika tunampa ombaomba sarafu, tunatoka msikitini tumetosheka, na madrasa iliyo jirani yetu haina mikeka, na mjane wa mtaa wetu anadaiwa kodi ya chumba. Sarafu ile ni sadaka, Allah aikubali. Ila haiondoi deni la zaka, kama salamu isivyoondoa deni la duka.

MNADA WA MTUME (S.A.W.)

Mnada wenyewe si haramu. Aliufanya Mtume wetu (s.a.w.). Amepokea Abu Dawud, na wengineo, kutoka kwa Anas bin Malik, kwamba mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume akiomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu. Akasema mna nguo nzito, sehemu wanaivaa na sehemu wanaitandika, na bakuli la kunywea maji. Akamwamuru avilete. Akavishika kwa mkono wake mtukufu akauliza nani atavinunua. Mmoja akatoa dirham moja. Mtume akauliza, mara mbili au tatu, nani atazidisha, hata mwingine akatoa dirham mbili. Akampa yule Ansari fedha zake, akamwambia anunue chakula cha watu wake kwa dirham moja, na kwa ya pili anunue shoka. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akate kuni na kuuza, asimwone kwa siku 15. Yule mtu alirudi amepata dirham 10.

Hiyo ndiyo minada miwili, ndugu zetu. Katika mmoja, vitu viwili vikuukuu vilipata dirham mbili, na kutoka humo likatoka shoka, chakula, na uso wa mtu uliosalimika na fedheha ya kuomba. Katika mwingine, kitu kimoja kikuukuu kinapata mamilioni, na kinachotoka humo ni kufuli jipya katika banda jipya. Tunaweza kupima kila mali tuliyonayo kwa swali moja: siku itakapouzwa, ni shoka la nani litakalopatikana humo?

Kwa hiyo tunawausia ndugu zetu, na tunazianza nafsi zetu. Kila mwenye kiwanja, gari au bidhaa aliyoinunua ili aiuze, akae na kalamu kabla mwezi huu haujaandama, aandike tarehe aliyonunua na bei ya soko ya leo, kisha amwendee imamu au mwanachuoni anayemwamini ahesabiwe. Kamati za misikiti nazo ziwaandike mafakiri wa mtaa kwa siri na kwa heshima, ili zaka isikose njia. Na wazazi wamwambie kijana anayetamani gari la mnadani habari yote, kuanzia arusi ya Cairo hadi makaburi ya Al-Rifa'i.

Ewe Mwenyezi Mungu, tutakasie mali zetu kwa zaka, na nyoyo zetu kwa kukinai. Usitujaalie katika waliotamani jana wakajuta leo. Utufishe mikono yetu ikiwa haina haki ya mtu. Amin.